"Blues Nimeshaimaliza, Mwalimu"

Jumanne saa kumi na mbili jioni mwanafunzi wangu kaingia, hajafungua hata sanduku la saksafoni yake ya alto, kaniambia: "Mwalimu, blues nimeshaimaliza. Leo tuingie jazz."

Nikanyamaza. Ni kijana mwenye adabu na vidole vyepesi, ana mwezi wa tano kwangu, sikutaka kumvunja moyo. Nikamuuliza kaimaliza vipi. Akatoa simu, akanionesha karatasi aliyoipakua: skeli ya blues, yaani ngazi ya noti 6, katika kii zote 12 (kii ni noti ya kuanzia). Kazikariri kwa wiki 2. Akazipuliza kupanda na kushuka kama mtoto anayetaja miezi ya mwaka mbele ya wageni, hajakosea hata moja. Halafu akanitazama, anangoja cheti.

Huyo ni wa nne mwaka huu. Na afadhali wangekuwa wanafunzi peke yao. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye hoteli moja ya ufukweni, bendi ya watu 4, tumetoka kupiga "Now's the Time" ya mpuliza alto Charlie Parker. Mgeni mmoja, Mswahili mwenzetu, glasi mkononi, kanisogelea. "Kaka, mnapiga vizuri, ila naona ni blues blues tu. Jazz yenyewe hamuiwezi?" Ndugu yangu, "Now's the Time" ni ya 1945, imo katika rekodi za mwanzo za bibopu, yaani jazz ya kasi ya miaka ya 1940, na ni blues ya baa 12 (baa ni fungu la mapigo, si ya vinywaji) tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho. Kile ulichokuwa unakidai ndicho hicho kilichokuwa kinakuchosha. Sikumwambia hivyo, maana bahasha yetu ilikuwa haijatoka.

Bahasha ilishatoka, kwa hiyo leo nasema. Watu wameshika kwamba blues ni chekechea na jazz ni chuo kikuu, na kwamba mpuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni, anayepiga blues maisha yake yote ni yule aliyefeli mtihani wa kuendelea. Ningeweza kubishana na hilo kwa nadharia, lakini nadharia haijawahi kumbadilisha mtu. Nitawaeleza habari za mtu mmoja, Eddie Vinson, ambaye Wamarekani walimwita "Cleanhead". Kiswahili chake ni Kipara, basi.

Kipara hicho kina kisa. Enzi hizo vijana weusi wa mjini walikuwa wakinyoosha nywele kwa dawa yenye magadi makali. Dawa ikamwunguza, nywele zikang'oka. Mwingine angenunua kofia. Yeye akaanza kunyoa kabisa, akalichukua jina la utani, akalitungia na nyimbo, akajisifu nalo jukwaani kwa miaka zaidi ya 40. Mkumbuke huo ucheshi, nitaurudia.

Alizaliwa Houston, Texas, Desemba 18, 1917. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa katika okestra ya Milton Larkin palepale Houston. Ukitaka kujua bendi hiyo ilikuwa ya aina gani, tazama waliopitia safu ya saksafoni: Vinson kwenye alto, Arnett Cobb na Illinois Jacquet. Jacquet ndiye aliyekuja kupuliza solo ya "Flying Home" na bendi ya Lionel Hampton Mei 1942 akiwa na miaka 19, solo ambayo wapuliza tenori (saksafoni kubwa kuliko alto) waliikariri kama dua. Cobb akaja kuirithi nafasi yake kwa Hampton. Yaani kwenye bendi moja ya mkoani walikaa vijana watatu ambao kila mmoja angeweza kuangusha ukumbi. Na bendi hiyo ilipiga nini? Ilipiga dansi. Watu walikuja kucheza. Hakuna aliyesimama mlangoni akiuliza kama ni blues au ni jazz.

Nitoke kidogo nje ya mada, maana hapa ndipo na sisi Waswahili tunapojikwaa. Babu zetu walicheza Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na ng'ambo ya ziwa kulikuwa na OK Jazz ya Franco, ambako Verckys alikuwa akipuliza saksafoni mpaka watu wanashika vichwa. Bendi zote hizo zina neno jazz kwenye jina na hazikupiga swingi ya Wamarekani. Jazz maana yake ilikuwa bendi ya kisasa, yenye gitaa na vyombo vya kupuliza, ya watu waliovaa wakapendeza. Neno lilitua kwetu kama jina la heshima. Sasa mjukuu anakuja na heshima ileile, anadhani jazz ni cheo, mtu unapandishwa ukishamaliza vyeo vya chini. Sio cheo.

Turudi kwa Kipara. Mwaka 1942 aliingia okestra ya Cootie Williams, mpiga tarumbeta aliyetoka kwa Duke Ellington, wakawa wanapiga Savoy, ukumbi mkubwa wa dansi wa Harlem, New York. Huko Vinson alikuwa na kazi mbili: kupuliza alto na kuimba blues. Mwaka 1944 walirekodi "Cherry Red", ikampa jina. Mwaka huohuo, Agosti, okestra hiyohiyo ilirekodi "'Round Midnight" ya Thelonious Monk, ikiwa mara ya kwanza kwa wimbo huo kuingia kwenye santuri. Kwenye piano alikaa Bud Powell, kijana wa miaka 19. Wanaojua bibopu wameshaelewa nilichokisema hapo. Wasiojua wachukue tu kwamba Monk na Powell ni kama chumvi na maji katika kupika jazz ya kisasa. Bendi moja, mwaka mmoja: mwimbaji wa blues mwenye kipara, na muziki uliokuja kuitwa mgumu kuliko wote. Kwa mujibu wa karatasi ya mwanafunzi wangu, mmoja kati ya hao alitakiwa awe darasa la chini.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma, na hapa nitakaa.

Fikiria kitu kidogo ambacho vitabu vya kufundishia hupita juu yake. Mpiga gitaa la blues anaimba mstari, gitaa linamjibu. Hata akiwa bado anaimba, vidole vinaweza kumsindikiza chini kwa chini. Mpiga kinanda vivyo hivyo. Mpuliza saksafoni hawezi. Mdomo ni mmoja. Ukiimba, chombo kinaning'inia shingoni kama mbuzi wa mnada. Ukipuliza, maneno yamekwisha.

Blues ya kawaida ni baa 12, mistari mitatu ya baa 4. Mstari wenyewe unaimbwa kama nusu, nusu inayobaki ni ya jibu. Unarudiwa, jibu tena. Halafu mstari wa tatu unaofunga, na jibu la mwisho. Vinson anapoimba, majibu hayo anayatoa mtu mwingine: piano, tarumbeta, safu nzima ya vyombo vya kupuliza. Akimaliza beti zake ndipo anatia alto mdomoni, na hapo sikiliza vizuri, kwa sababu anapuliza kama mtu aliyetoka kuongea sasa hivi. Sentensi zake zina urefu wa maneno. Zinaishia pale ambapo mtu angeishiwa pumzi au angekuwa ameshasema alichotaka. Halafu ananyamaza, anaiachia bendi ijibu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa anaimba. Unaweza karibu kuzitia maneno solo zake.

Mwanafunzi wangu alipopuliza solo yake ya blues siku ile, aliingia baa ya 1 akatoka baa ya 12. Hakupumua isipokuwa pale mapafu yalipomlazimisha, katikati ya sentensi, kama msomaji wa taarifa ya habari aliyepewa karatasi bila nukta. Nikamuuliza, umemwachia nani nafasi ya kujibu? Akaniambia, "Kwani kuna mtu anajibu?"

Hapo nilitaka kulia.

Kuna kitu kingine kwenye sauti ya Vinson. Mwishoni mwa mstari, sauti yake ya kiume iliyojaa ilikuwa inakatika ghafla na kuruka juu, kikwaruzo chembamba kama bawaba yenye kutu. Sisi wapulizaji tunakijua kikwaruzo hicho kwa uchungu. Ndicho ridi, kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni, inachokifanya ikiwa kavu, au imekaa vibaya, au ukibana mdomo: kwii! Miaka yote tunamfundisha mtoto kuikwepa. Vinson akaichukua kasoro ya chombo akaipeleka kooni na kuifanya saini yake. Mimi naamini, na ni imani yangu tu, kwamba mtu hafikii hapo mpaka koo na chombo viwe vimeshaacha kuwa vitu viwili.

Sasa ile karatasi ya noti 6. Kii tuchukue ya kawaida: blues ya B fleti (B iliyoshushwa nusu toni) ya piano, ambayo sisi wa alto, kwa jinsi noti za chombo chetu zinavyoandikwa, tunaipigia G. Karatasi inasema G, B fleti, C, D fleti, D, F. Vizuri. Kodi ya kwanza ya blues hiyo (siongelei kodi za TRA, ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwetu ni G7. Ndani ya G7 kuna noti gani? G, B, D, F. Hiyo B iko wapi kwenye karatasi? Haipo! Kijana kakariri kii 12 za skeli ambayo noti ya tatu ya kodi ya kwanza imeachwa nje, anaambiwa hiyo ndiyo blues nzima.

Utamu uko hapo kwenye noti ya tatu. Kuna B, tatu kubwa, na kuna B fleti, tatu ndogo, na blues inakaa njiani kati ya hizo mbili. Wakati mwingine inaanzia chini ikisogea juu bila kufika. Wakati mwingine inaanza juu inalegea. Inafika baa ya 5, kodi inageuka kuwa C7, na sasa B fleti inakuwa nyumbani kabisa, kwa sababu ndiyo noti ya saba ya C7. Kwa hiyo ile noti iliyokuwa inajivuta kwenda juu kwa baa 4 inashuka, inatua, na msikilizaji ambaye hajui hata kodi ni nini anasema "ahaa" na kutikisa kichwa. Huo mtikiso wa kichwa ndio kazi yetu. Mwenye karatasi anapiga B fleti ileile iliyonyooka baa ya 1, baa ya 5, baa ya 9, halafu anashangaa kwa nini watu wanaangalia simu.

Inapatikanaje? Shika B, kidole kimoja tu cha mkono wa kushoto. Puliza sauti imara. Bila kugusa kidole, shusha ulimi mdomoni kama unayetoka kutamka "ii" kwenda "oo", legeza mdomo wa chini kidogo sana, usibane kwa meno, na acha koo lifunguke. Sauti itazama. Ukilegeza mno itaanguka na kufa. Ukiogopa haitaenda popote. Kwa ridi namba 2 na nusu (namba ni ugumu wake) utaipata ndani ya wiki. Wale mnaojitutumua na ridi namba 4 ili mwonekane wanaume, poleni.

Mtu wa taarab asilia hahitaji mhadhara huu. Mpiga fidla au udi wa Unguja ukimwambia kuna sauti halali kati ya tatu kubwa na tatu ndogo atakuuliza una habari gani mpya. Maqamu ya rasti, ile skeli ya Kiarabu, yanakaa humo humo. Sisemi ni kitu kimoja. Kwenye rasti sauti hiyo ina kiti chake, inakaa. Kwenye blues haina kiti, inatembea. Lakini sikio lililolelewa na nyimbo za bibi lina nusu ya safari tayari, na nimeona hivyo kwa wanafunzi wangu wawili wa kutoka visiwani: waliinamisha noti siku ya kwanza bila kuelekezwa, kisha wakaomba radhi wakidhani wamekosea.

Kiasi gani cha kuinamisha? Hapa vitabu vinajifanya vinajua. Vinasema robo toni. Mimi nimejipima kwa kipimo cha sauti cha simu, nikarudia mara 20. Hakuna mara 2 iliyolingana. Tena siku nilizojisikia nimepiga vizuri zaidi ndizo sindano ilipoyumba zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza "mwalimu, mpaka wapi?" namjibu kwa kumpulizia. Ni jibu baya kwa mtu anayelipa ada, najua.

Nirudi kwenye maisha ya mtu, nisije nikaonekana nafundisha bure.

Mwaka 1945 Vinson alianzisha bendi yake, akaingia lebo (kampuni ya kurekodi) ya Mercury. Mwaka 1947 akatoa santuri yenye "Old Maid Boogie" upande mmoja na "Kidney Stew Blues" upande wa pili. "Old Maid Boogie" ilifika namba 1 kwenye chati ya Billboard iliyotengwa kwa muziki wa watu weusi. Kisha ukaja wakati mgumu kwa okestra zote kubwa: mishahara, mabasi, sare, kumbi kupungua. Akapunguza watu. Na katika bendi hiyo iliyopungua, kati ya 1948 na 1949, akawa na mpiga piano anaitwa Red Garland na mpuliza saksafoni mmoja kijana wa miaka 22 hivi, anaitwa John Coltrane.

Ndiyo, huyo huyo, bingwa wa tenori.

Coltrane hadi hapo alikuwa mtu wa alto. Lakini alto ya bendi ilikuwa na mwenyewe, ndiye anayelipa mshahara, kwa hiyo kijana akapewa tenori. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili, wewe mwenye picha ya Coltrane ukutani. Tenori ambayo dunia imeiabudu, aliizoea akiwa kazini kwa mwimbaji wa blues mwenye kipara, akipuliza majibu nyuma ya nyimbo za kuchekesha. Na hakuishia hapo kwenye blues. Mwaka 1952 alikuwa kwa Earl Bostic, fundi mwingine wa alto ambaye "Flamingo" yake ya 1951 ilipigwa kwenye kila baa yenye gramafoni ya sarafu. Alipokuwa ameshakuwa Coltrane tunayemjua, mwaka 1960, akarekodi albamu nzima ya blues kwa lebo ya Atlantic. Kama blues ni chekechea, mbona profesa alikuwa anarudi?

Kuna utamu zaidi. Mnaijua "Tune Up"? Kila mwanafunzi wa jazz lazima aipitie, kwa kuwa ndani yake kuna mwendo mmoja wa kodi tatu unaokwenda nyumbani, halafu nyumba inahama toni nzima chini: kwanza D, kisha C, kisha B fleti. Ni kama kupanga vyumba vitatu kwa mwezi mmoja. Na "Four" je? Zote mbili kwenye santuri zimeandikwa jina la mpiga tarumbeta Miles Davis, aliyerekodi ya kwanza 1953 na ya pili 1954. Vinson alisema ni zake, na leo watu wengi wa fani, nami nikiwamo, tunamwamini. Inasimuliwa kwamba alimwachia Miles kwa sababu yeye mashabiki wake walikuja kusikia blues, nyimbo za namna hiyo zingemkalia tu. Ukisikia maneno hayo ndipo unajua mlango ulifungwa na nani. Uwezo alikuwa nao. Wateja ndio walikuwa wameshampangia kazi.

Mwaka 1956 Miles akarekodi tena zote mbili na kundi lake maarufu la watu 5. Kwenye piano: Red Garland. Kwenye tenori: John Coltrane. Yaani vijana wawili waliokuwa wakilipwa na Vinson wanapiga nyimbo mbili za Vinson, na jina la Vinson halipo popote kwenye jalada. Miaka 3 baadaye Coltrane akaichukua "Tune Up" akaipachika kodi nyingine katikati, akaifanya mbio, akaiita "Countdown", ikaingia kwenye albamu ya "Giant Steps" inayowatoa jasho wapuliza saksafoni hadi leo. Mwanafunzi wangu anataka kufika "Giant Steps". Sijamwambia bado kwamba barabara ya huko inapita mlangoni kwa Kipara.

Miaka ya 1950 ilimwendea vibaya. Vijana walikuwa wamehamia kwenye gitaa na mdundo mwingine, akarudi Houston. Alitoa albamu 1957, haikubadilisha mambo. Aliyemkumbuka ni mpuliza alto mwenzake, Cannonball Adderley. Mwaka 1961 na 1962 Cannonball alimwingiza studio na bendi yake yenyewe: Nat Adderley kwenye koneti, Joe Zawinul kwenye piano, Sam Jones kwenye besi, Louis Hayes kwenye ngoma. Hiyo wakati huo ilikuwa moja ya bendi kali za jazz duniani, na wakakaa nyuma ya mwimbaji wa blues bila kuona aibu. Tafuteni rekodi hizo, hasa zile zisizo na kuimba, ambapo wote wawili wanapuliza alto. Cannonball ana vidole vingi zaidi, sibishi. Lakini fumba macho uone ni nani anayekufanya usubiri sentensi inayofuata.

Baadaye mambo yalifunguka kidogo. Mwaka 1969 alirekodi Paris, T-Bone Walker akicharaza gitaa na Jay McShann kwenye piano, yule McShann ambaye Charlie Parker alikulia kwenye bendi yake. Mwaka 1970 alipanda jukwaa la tamasha la jazz la Monterey na kundi la Johnny Otis. Tamasha la jazz, mgeni wa blues, nanyi endeleeni kugawa vyeo. Akafanya kazi mpaka mwisho, akafariki Los Angeles Julai 2, 1988, akiwa na miaka 70.

Kabla sijasahau ule ucheshi. Kuna imani nyingine, ndugu ya ile ya kwanza, kwamba blues ni kilio na huwezi kuipiga mpaka uteseke. Wanaosema hivyo hawajasikiliza maneno. "Kidney Stew" ni mwanaume anayetangaza kwamba amechoshwa na wanawake wa gharama, anarudi nyumbani kwa mpenzi wake wa zamani, ambaye si chakula cha matajiri bali ni mchuzi wa figo tu. Ni mtani. Angeimba hivyo Kariakoo mbele ya mama ntilie angepigwa mwiko, halafu angeongezwa nyama. Shida ipo ndani ya blues, nani atakataa, tunajua watu wale walitoka wapi. Lakini mtu anayejicheka kipara chake jukwaani anahitaji kupuliza noti inayocheka pia, na noti inayocheka ni ngumu kuliko inayolia. Kulia, hata ridi mbovu inalia.

Na mimi mwenyewe je? Nimezaliwa Temeke, nimelelewa na mapigo ya dansi, tarumbeta na mdomo wa bata nyuma ya waimbaji wanne. Kuna usiku napuliza blues nikiwa nahisi nimevaa koti la mtu. Nimewahi kujirekodi, nikajisikiliza siku ya pili, nikasikia sebene imejificha ndani ya baa ya 9. Sijaamua kama hiyo ni kasoro au ndiyo sauti yangu. Mwenzangu wa gitaa anasema nisiiguse. Mpiga piano anasema niiondoe. Wote wawili wananidai hela, kwa hiyo siwezi kupima ushauri wao.

Basi, kijana wangu. Sikumfukuza. Nilimfungia alto yake kwenye sanduku, nikampa "Kidney Stew" aisikilize wiki nzima na kazi moja: aiimbe, kwa sauti, beti zote, bila chombo. Akanitazama kama nimemwambia akafagie uwanja. Nikamwambia arudi Jumanne.

Jumanne karudi. Kaimba vibaya, kwa haya, macho yapo dirishani, lakini kaimba hadi mwisho. Nikampa alto, nikakaa kwenye kinanda, nikaanza baa 12. Akapuliza noti 3. Ya pili ilikuwa B na ilizama kidogo, sidhani kama alikusudia. Akatoa mdomo kwenye chombo, akanyamaza baa nzima na nusu, nikamjibu kwa mkono wa kulia. Akacheka.

Nikamwambia arudie.